Mbwa Alaye Asinenepe: Namna ya Kumtunza Mbwa Mwenye Maradhi ya Kongosho

Matini ya mazungumzo kuhusu huduma za mifugo, kwa wakaazi wa Kiuyu



Mkulima wa Kiuyu halimi tu, bali hulima na kulinda kwa wakati mmoja. Muhogo unapokaribia kukomaa, tumbili huwa wamekwisha kuujua kabla ya mwenyewe. Mbuzi nao wanahitaji jicho la usiku. Ndiyo maana katika baadhi ya mashamba yetu yumo mbwa, na mbwa huyo hafugwi kwa anasa. Yeye ni mlinzi, na anapougua, shamba hubaki wazi. Mazungumzo haya yanahusu maradhi mamoja ya mbwa ambayo ni rahisi kuyadhania mengine, na ambayo yakishatambuliwa, uzima wa mnyama hutegemea zaidi jambo moja dogo linalofanyika kila anapopewa chakula.

Dalili za maradhi hayo ni za ajabu kwa anayezitazama mara ya kwanza. Mbwa hula chakula chote, hulamba chombo, kisha huenda jalalani kutafuta zaidi, na wakati mwingine hula hata kinyesi chake mwenyewe. Pamoja na ulaji huo, hukonda wiki hadi wiki mpaka mbavu zikahesabika. Kinyesi chake huwa kingi kupita kawaida, laini, chenye rangi hafifu ya manjano au kijivu, kinachong'aa mafuta na kutoa harufu kali. Tumbo hunguruma, manyoya hukauka na kupoteza mng'ao. Wapitao njia husema ana minyoo, wengine humwita mwenye kichaa, na wapo wanaodai kuwa ametupiwa jicho. Mwisho wa maneno hayo mara nyingi ni mbwa kufukuzwa au kuuawa, ilhali hakuwa na hatari kwa mtu yeyote.

Kisa cha hali hiyo kinaweza kuwa katika kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho ni tezi iliyolala kandoni mwa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza insulini, inayodhibiti sukari katika damu. Ya pili ni kutengeneza vimeng'enya, yaani vitu vinavyokivunja chakula ili mwili uweze kukichukua: kimoja huvunja mafuta, kingine wanga, vingine protini. Vimeng'enya vinapokosekana, chakula hupita utumboni kama maji yapitavyo katika mfereji, na mwili hauambulii kitu. Mbwa huyo ana njaa ya kweli. Chakula kimejaa tumboni mwake, lakini hakijafika katika damu yake.

Kongosho ina akiba kubwa ya nguvu, kwa hiyo dalili hazionekani mapema. Hujitokeza pale zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake wa kutoa vimeng'enya unapokuwa umepotea. Katika mbwa wengi, chanzo ni kunyauka kwa seli zinazotengeneza vimeng'enya, hali inayoonekana zaidi katika mbwa wa aina ya German Shepherd na baadhi ya aina nyingine, na mara nyingi huanza mnyama akiwa bado kijana. Katika wengine, chanzo ni uvimbe wa kongosho uliodumu muda mrefu ukaiharibu pole pole. Hawa wa pili wanaweza kupata na kisukari pia, kwa sababu kazi zote mbili za tezi zimeguswa. Mbwa wetu wa kienyeji si wa aina zinazotajwa sana, lakini hakuna mbwa aliyeandikiwa kinga.

Kabla ya kufikia hukumu hiyo, yapo mambo ya kuondoa njiani. Minyoo na maradhi yanayoletwa na kupe pia humkondesha mbwa, na hayo ndiyo ya kutafutwa kwanza. Daktari wa mifugo huchunguza kinyesi, humpa mbwa dawa ya minyoo, na kuangalia damu. Kipimo kinachothibitisha maradhi ya kongosho ni cha damu, kinachochukuliwa mbwa akiwa amefunga kula kwa saa kadhaa. Hupima kiasi cha kitu kimoja kinachotoka katika kongosho pekee. Kiasi hicho kikiwa 2.5 au chini yake, kwa mikrogramu katika lita moja ya damu iliyochujwa, maradhi yamethibitika. Miongoni mwa maabara zinazopima hivyo, moja inayojulikana sana ni ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani. Pale kipimo kisipopatikana, daktari anaweza kuamua kumjaribu mbwa kwa tiba ya vimeng'enya kwa muda maalumu huku akimfuatilia. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani.

Ama kuhusu kichaa cha mbwa, tofauti ni lazima ieleweke, kwa kuwa Pemba inayo historia nacho. Kwa juhudi za chanjo, kisiwa hiki kilifanikiwa kukata maambukizi ya kichaa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena, na ilihitajika chanjo ya mbwa ya kisiwa kizima hadi maambukizi yalipokatika tena mwaka 2018. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia ghafla, hushindwa kumeza, hudondokwa na mate, na hufa katika siku chache. Mbwa mwenye maradhi ya kongosho hukonda kwa wiki na miezi huku akila kwa pupa na kumtambua mwenyewe. Hata hivyo, mtu yeyote anayeumwa na mbwa, awaye yote, anapaswa kuliosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mbwa mgonjwa wa kongosho naye hasamehewi chanjo. Akiwa dhaifu, daktari ndiye atakayesema apewe lini.

Sasa tuseme daktari amekwisha kusema: huyu ni mgonjwa wa kongosho. Mfugaji hufikwa na maswali mawili. Je, atapona? Jibu la kweli ni kuwa seli zilizonyauka kwa kawaida hazirudi, na tiba ni ya maisha yote. Je, ataishi vizuri? Hapo jibu lina matumaini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walifuatilia mbwa 178 wenye maradhi haya na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Takriban asilimia 60 walipata nafuu nzuri, wengine wakapata nafuu ya kiasi, na karibu robo hawakuitikia vyema. Waliotibiwa, wengi wao waliishi miaka kadhaa. Baadhi ya mbwa waliuliwa na wenyewe katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo mwaka huo ndio wa kuvumilia na kufuata maagizo.

Msingi wa tiba ni kumrudishia mbwa vimeng'enya alivyokosa, na viwe ndani ya chakula chenyewe. Katika nchi nyingi vinauzwa kama unga mkavu wa kongosho, unaochanganywa na chakula, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa, kila mlo. Unga huo hufanya kazi vizuri kuliko vidonge vyenye ganda gumu vilivyotengenezwa kwa ajili ya binadamu. Lakini bei yake ni kubwa, na kwetu hapa kuupata si jambo la siku moja. Habari njema ni kwamba kiungo chenye vimeng'enya hivyo kipo katika kila ng'ombe anayechinjwa. Kongosho mbichi ya ng'ombe ni tiba iliyotumiwa na madaktari wa mifugo kwa miaka mingi.

Kiasi kinachotumika kuanzia ni baina ya gramu 85 na 115 za kongosho mbichi, iliyokatwakatwa vizuri, kwa kila kilo 20 za uzito wa mbwa, katika kila mlo. Kwa mbwa wetu wa kilo 15, hesabu hiyo inakuja karibu gramu 75 kwa mlo. Akila mara mbili kwa siku ni gramu 150, na kwa wiki ni takriban kilo moja. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hatoi kongosho ya kutosha kwa wiki nzima. Ni hesabu ya kufanywa mapema, kabla mfugaji hajaahidi asichoweza kukitimiza. Mbwa akishaitikia, daktari anaweza kukipunguza kiasi hicho pole pole mpaka kifikie kile kidogo kinachotosha.

Kwa hiyo mchinjaji ni mshirika wa tiba hii. Kongosho si kitu cha kugombaniwa buchani, na mara nyingi hutupwa pamoja na mabaki mengine. Mfugaji na azungumze na wachinjaji wa zaidi ya sehemu moja ili wamwekee. Aoneshwe kiungo chenyewe, kwa sababu wengi hukichanganya na bandama. Bandama ni nyeusi au zambarau, ndefu na laini kama ulimi. Kongosho ni ya rangi ya waridi iliyopauka, yenye vijidonge vidogo vilivyoshikana, na imeambatana na mwanzo wa utumbo mwembamba. Bandama haina vimeng'enya hivyo, na mbwa akilishwa bandama kwa mwezi mzima ataendelea kukonda huku mfugaji akidhani tiba imeshindwa.

Mambo matatu yazingatiwe kuhusu kongosho yenyewe. La kwanza, isipikwe wala isichanganywe na chakula cha moto, kwani moto huviua vimeng'enya. Wali au ugali upoe kabisa kwanza. La pili, itoke kwa mnyama aliyekaguliwa. Maini na mapafu yenye mifuko ya maji asipewe mbwa kabisa, kwa sababu humo mna mbegu za tegu anayeweza kumfikia mtu kupitia kinyesi cha mbwa. Nyama mbichi ya aina yoyote inaweza kubeba vijidudu, hivyo mikono ioshwe kila baada ya kuishika. La tatu, ihifadhiwe vizuri. Ikigandishwa katika friza hudumu miezi bila kupoteza nguvu. Njia iliyo rahisi ni kuigawa katika vifuko, kila kimoja kwa mlo mmoja, ili kila siku vitolewe viwili tu. Asiye na friza anaweza kuomba nafasi kwa jirani au katika duka la barafu, mradi mzigo ufungwe vizuri katika chombo chake chenyewe. Iliyoyeyuka itumike siku hiyo hiyo.

Chakula kinachofuatana na kongosho kiwe cha kawaida lakini cha kueleweka. Wali laini, dagaa au samaki aliyetolewa miiba, na yai lililochemshwa vinafaa. Chicha la nazi halifai, kwa kuwa lina makapi mengi yanayozuia usagaji. Mifupa, mabaki ya karamu yenye mafuta mengi, na kubadilisha chakula ghafla pia viepukwe. Milo iwe miwili au mitatu midogo badala ya mmoja mkubwa. Na hapa ndipo penye siri ya tiba yote: kila kinachoingia mdomoni mwa mbwa bila kongosho kinapita bure na kuleta kuharisha. Mtoto akimrushia kipande cha mkate, jirani akimpa mabaki ya samaki, kazi ya siku nzima huharibika. Nyumba nzima inapaswa kujua, na majirani waambiwe. Wahenga walisema kawaida ni kama sheria, na kwa mbwa huyu kawaida ndiyo dawa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni vitamini B12. Kwa mbwa, kongosho ndiyo hutoa kwa wingi kile kitu kinachouwezesha utumbo kuifyonza vitamini hiyo. Kongosho ikinyauka, B12 hupungua mwilini, na wengi wa mbwa wenye maradhi haya huwa na upungufu huo. Uchunguzi wa Liverpool ulionesha kuwa mbwa wenye upungufu mkubwa waliishi muda mfupi zaidi. Kwa sababu hiyo, mbwa anayepata vimeng'enya sawasawa na bado hanenepi, swali la kwanza liwe B12. Kawaida hupewa sindano mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha moja zaidi baada ya mwezi, na baadaye kwa kadiri atakavyoona daktari. Vidonge vya kila siku pia vimeonekana kufaa. Baadhi ya mbwa huhitaji dawa ya kupunguza bakteria waliozidi utumboni, lakini dawa hiyo isinunuliwe kwa kubahatisha.

Maendeleo hupimwa kwa macho na kwa kamba. Kinyesi mara nyingi huanza kushikana katika wiki ya kwanza au ya pili. Uzito hurudi taratibu zaidi. Asiye na mizani anaweza kuzungusha kamba kifuani mwa mbwa, nyuma ya miguu ya mbele, akafunga fundo, na kurudia kila Ijumaa. Kamba ikiongezeka, chakula kinafika. Ikisimama au kupungua kwa wiki tatu mfululizo, ni wakati wa kurudi kwa daktari. Mbwa akianza kunywa maji mengi na kukojoa kupita kiasi, asichelewe, kwani huenda kisukari kimeingia. Na ikiwa mdomo wake unatoka damu au una vidonda, daktari aelezwe, kwa sababu vimeng'enya vikizidi vinaweza kuuchubua. Mbwa mwenye maradhi haya asizalishwe, kwa kuwa mwelekeo wa kuugua unaweza kurithiwa.

Lipo suala jingine ambalo haifai kulipita kimya katika jamii yetu. Wengi wetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na mate ya mbwa yana hukumu yake inayojulikana ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo haimzuii mtu kumtunza mnyama anayelinda shamba na mifugo, ambaye kufugwa kwake kumeruhusiwa. Inamtaka awe na utaratibu. Mbwa awe na chombo chake, kisu na ubao wa kukatia viwe vya kazi hiyo pekee, na chakula kichanganywe kwa upawa ambao haurudi jikoni. Atakayemshika mbwa wakati wa sindano amfunge kamba mdomoni kwa uangalifu na avae glavu. Kongosho yenyewe imetoka kwa ng'ombe aliyechinjwa kihalali. Haina unajisi mpaka imguse mbwa.

Mwisho, ukweli usemwe. Si kila nyumba itaweza. Kilo moja ya kongosho kila wiki, sindano, safari za kwenda kwa daktari, na saa maalumu za kulisha ni mzigo kwa familia inayotegemea mwani na muhogo. Mfugaji aliyejaribu kwa uaminifu akashindwa hana la kulaumiwa. Lakini kumtelekeza mbwa barabarani si suluhisho. Mbwa mwenye njaa isiyokwisha atavamia majalala na mabanda ya kuku, na atakosa chanjo. Kumpiga kwa mawe au kumwekea sumu ni mateso kwake na ni hatari kwa watoto na wanyama wengine. Ikiwa hapana budi, daktari wa mifugo ndiye anayejua namna ya kuyamaliza maisha ya mnyama bila maumivu. Aitwe yeye.

Kwa hiyo, mkaazi anayemwona mbwa alaye sana asinenepe asikimbilie kuokota jiwe. Amwambie mwenyewe, na mwenyewe amwone bwana mifugo, akichukua na kinyesi kidogo katika mfuko safi ili kichunguzwe. Wachinjaji nao wakiombwa kongosho wasicheke, kwani wanachokitupa asubuhi kinaweza kumrudisha mlinzi kazini. Siku mbwa huyo atakapobweka tena pembeni mwa konde na tumbili wakarudi msituni, kila aliyechangia atajua kuwa kazi yake haikupotea.

Wabillahi tawfiq.